Wakuu naombeni ushauri: nibaki kwenye basi au nihamie lori la Congo?

Suka wa Mbezi:
Wakuu habari za usiku. Mimi ni dereva wa basi, mwaka wa 11 sasa njia ya Dar–Dodoma. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma 2024 hali imebadilika. Mtu analipa 31,000 anafika, anaoga, anakula, wewe bado unahangaika na matuta ya Kibaigwa. Kuna siku natoka Mbezi na vichwa 14. Tajiri kapunguza ruti, posho nayo imeshuka.

Nimepata mtu ana malori ya Lubumbashi, anataka dereva. Nina mke na watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili. Nibaki na ninachokijua au niende nisikokujua? Bado sijaamua. Matusi hapana.

Kobe Mzee:
Lori ni maisha, mkuu. Binamu yangu alianza utingo, leo ana nyumba Tunduma. Shida yake ni moja tu, na mke pia anaye Tunduma. Wa Dar hajui, wa Kasumbalesa anahisi.

Mzee wa Deiwaka:
Achana na vyote hivyo, njoo kwenye bajaji. Ninayo moja naiuza, injini haijawahi kufunguliwa. Njoo inbox.

Mama Tausi:
Mwanangu, umepiga magoti kwanza? Mimi 2009 niliacha kazi ya kaunta nikaanza kuuza vitumbua Magomeni. Siku ya kwanza nilirudi na beseni zima. Wanangu walikula vitumbua asubuhi, mchana na usiku, mdogo akauliza, "Mama, kesho tena?" Nililia chooni nisionekane. Wiki ya tatu ndiyo nikajua kumbe nilikuwa nakaa upande wa barabara ambao watu wanarudi, hawaendi kazini. Nikavuka tu barabara.

Mwana wa Likoni:
Salamu kutoka Mombasa. Huku SGR yetu ilianza 2017, baadaye makontena yakalazimishwa kupanda treni hadi Nairobi. Madereva wengi wa malori tukabaki kukaa maskani, nami nikiwemo. Kwa hivyo ndugu, usidhani lori ndiko kuna kivuli. Reli hubeba watu, hubeba na mizigo.

Hesabu Kali:
Mkuu kuna kitu unakizunguka. Suka wa miaka 11 hawezi kuja kutuuliza sisi kama lori linafaa. Leseni ya E, ya malori makubwa, unayo? Na nini kimetokea?

Suka wa Mbezi:
E ninayo. Hakuna kilichotokea, ni abiria tu.

Hesabu Kali:
Sawa. Nasubiri.

Suka wa Mbezi:
Haya. Mwezi uliopita nilikuwa na gari ya usiku. Nilitoka Mbezi saa 3, saa 6 kasoro nikiwa Gairo konda akanipiga bega: "Suka, unaenda wapi?" Tairi la kushoto lilikuwa nje ya lami. Nikarudisha taratibu. Abiria wamelala, hakuna aliyejua. Konda amenyamaza mpaka leo, wife sijamwambia.

Tangu siku hiyo nikishika usukani viganja vinalowa. Natembea na kitaulo cha mtoto pale kwenye dashibodi, nikifika Chalinze kimeshalowa. Sijiamini tena. Ndiyo maana nasema lori, kule sina roho za watu nyuma yangu. Nikikosea ni mimi na mzigo wa shaba.

Mama Tausi:
Na wauza nyanya wa kando ya barabara pale Ilula? Wao si roho?

Suka wa Mbezi:
Mama, lori linatembea polepole, ukichoka unaegesha. Basi huwezi, abiria watakupigia kelele. Na pasi ya kusafiria na kadi ya manjano ya chanjo nimeshampa huyo tajiri wa lori. Jumatatu tunapakia.

Kobe Mzee:
"Bado sijaamua" 😂😂 Kumbe ulikuja kuomba baraka.

Pilato wa Jukwaa:
CHAI. Mbezi mpaka Gairo ni karibu kilomita 300. Basi mwisho 80. Saa 3 usiku mpaka saa 6 kasoro, ulipaa? Waandishi wa hadithi mnajaa humu. Mods ufungeni huu uzi.

Kobe Mzee:
Chai ya tangawizi kabisa. Leteni mihogo.

Mwana wa Likoni:
Nami nilishaanza kumhurumia.

Suka wa Mbezi: *(asubuhi yake)*
Pilato, hesabu yako iko sawa. Saa nilikisia. Nakumbuka taa za Msamvu, pale Morogoro. Baada ya hapo nakumbuka bega langu linapigwa. Magole sikumbuki. Dumila sikumbuki, na pale pana watu na vibanda mpaka usiku wa manane. Nilipita, lakini sijui nilipitaje. Ndiyo maana sikutaka kuandika.

Pilato wa Jukwaa:
Dah. Samahani mkuu.

Nesi wa Zamu:
Kaka, acha lori, acha basi. Unakoroma? Mchana ukikaa tu unasinzia? Kuna watu pumzi zinakatika wakiwa usingizini, wanalala kwa muda wa saa 8 na wanaamka wamechoka kama hawakulala. Inapimika na inatibika. Pima na sukari pia. Na hivyo viganja kulowa usivione adui kwa sasa, maana ukipanda lori na usingizi huohuo, taulo halitakusaidia. Mwambie mkeo leo.

Suka wa Mbezi:
Nimemwambia. Hakushtuka nilivyofikiri. Anasema usiku huwa nanyamaza ghafla, halafu nashtuka kama mtu aliyetolewa majini, ndiyo maana huwa ananipiga teke. Miaka yote tunalichekea hilo teke.

Kesho naenda kupima. Tajiri wa lori nimempigia mara tatu hapokei, na pasi yangu iko kwake.

Mzee wa Deiwaka:
Pole sana mkuu. Bajaji bado ipo.