Chaja ya betri ya gari yenye kasoro: soma kibandiko kabla hujaichomeka

Ndugu zangu, salaam.

Baridi ikianza betri huzimika na chaja hutolewa stoo. Kabla hujaichomeka yako, igeuze usome kibandiko: namba ya modeli, namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa kama ipo. Ilinganishe herufi kwa herufi na tangazo la kurudishwa kwa chaja zenye kasoro. Mara nyingi kinachorudishwa ni kundi moja tu la uzalishaji, na chaja mbili za sura moja hutofautiana kwa tarakimu za mwisho tu.

Usitafute kwa namba ya chasisi ya gari. Chaja si sehemu ya gari, hivyo tangazo lake liko kwenye bidhaa za kawaida: Marekani tazama tovuti ya CPSC (tume ya usalama wa bidhaa), Umoja wa Ulaya Safety Gate (mfumo wa tahadhari za bidhaa hatari), Uingereza OPSS (ofisi ya usalama wa bidhaa).

Kasoro yenyewe naomba muielewe, maana chaja inaweza kuchaji vizuri kabisa huku ni ya hatari. Upande mmoja inapokea umeme wa ukutani, volti 230 Ulaya au 120 Marekani. Upande wa pili inatoa volti 14 hivi. Kinachotenganisha pande hizo ni transfoma na insulesheni, yaani kizuizi kisichopitisha umeme. Insulesheni ikiwa dhaifu, umeme wa ukutani unavuka hadi kwenye vibanio unavyoshika kwa mikono mitupu. Kibanio cheusi kikiwa kwenye chasisi, bodi nzima ya gari inabeba umeme huo, na kwa kuwa gari limekaa juu ya mpira, hauna pa kwenda mpaka mtu aguse mlango akiwa amesimama kwenye sakafu yenye maji. Fyuzi haitamwokoa. Ya plagi ya Uingereza hufika ampea 13, na moyo wa binadamu huvurugwa na sehemu ndogo sana ya ampea moja.

Kama imeshachomekwa, usianze na vibanio. Zima umeme ukutani, chomoa plagi, ndipo uguse gari.

---

Asante sana kaka kwa taarifa. Yangu niliinunua mtumba, sina risiti wala boksi. Nitasikilizwa kweli? Halafu shemeji ni fundi umeme, anasema ataifungua abadilishe waya yaishe.

---

Dada, utasikilizwa, waandikie. Tangazo linafuata kifaa, halimfuati mnunuzi wa kwanza. Kampuni nyingi hutaka picha ya kibandiko tu, na nyingine hukuomba ukate waya wa umeme upige picha kuthibitisha kwamba haitatumika tena. Ukiambiwa hivyo, hakikisha kwanza imechomolewa. Kwa walio Umoja wa Ulaya, kanuni iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2024 inaitaka kampuni, kwa kawaida, ikupe uchague kati ya angalau njia mbili: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Wakikupa moja tu, uliza sababu.

Shemeji mwambie asante, lakini asiifungue. Kasoro ya namna hii iko ndani ya chaja kwenye bodi ya saketi, waya mpya hauigusi. Na ikishafunguliwa unaipa kampuni sababu ya kukukatalia.

---

Naomba niongeze kwa wanaofunga mizigo ya kontena ya kupeleka nyumbani. Najua uchungu wa kutupa kitu kinachofanya kazi, na kuna ndugu angefurahi kukipata. Tafadhali msikitie. Kule kitakakofika hakuna atakayeona tangazo, kitaazimwa kwa jirani, kitachomekwa kwenye soketi isiyo na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Msikiuze pia. Marekani sheria inakataza kuuza bidhaa iliyotangaziwa kurudishwa, hata ikiwa imetumika.

Na kama ulishampa mtu, mpigie simu leo. Ujumbe wa maandishi unaweza kukaa bila kusomwa. Mwambie aichomoe, akutumie picha ya kibandiko, madai ya fedha uyafuatilie wewe huku uliko.