Lamu mpaka Kizingitini na watoto: mashua ya kukodi au boti ya abiria?

BintiKisauni: Asalaam aleikum wanabaraza. Nataka kupeleka familia Lamu halafu tupite vile vimiji vya visiwani, Pate, Siyu, Faza mpaka Kizingitini. Kuna mashua ya tanga ya kukodi na nahodha wake, mnalala na kupika humo humo, halafu kuna boti za abiria na spidi boti. Ipi bora? Wa mashua anataka arbuni Ijumaa.

mzee_wa_tanga: Mwezi gani? Watu wangapi? Umeuliza bei ya samaki hujasema papa au dagaa.

Kaskazi254: Mashua, usiulize tena!! Pweza kwenye makaa, usiku maji yanagonga ubavuni. Spidi boti ni kelele tu na chumvi usoni, unafika umeloa hujaona kitu.

NyumbaYaMatumbawe: Mimi na mashua basi. Mwaka juzi nahodha alisema tutaingia Pate maji yakiwa juu, kumbe asubuhi kapotelea kutafuta barafu na miraa yake, tukafika maji yanatoka tukakwama kwenye tope la mikoko saa sita mchana mpaka karibu magharibi, jua hilo, maji ya kunywa yameisha, mtoto analia, mama mkwe kanyamaza kimya na mkwe wangu akinyamaza nyie hamjui. Nahodha kalala. Kalala! Ndio maana boti za abiria zinashusha watu Mtangawanda, mjini unakwenda kwa miguu au boda.

mzee_wa_tanga: Hilo kosa la nahodha, mashua imekosa nini? Siyu nako ni hivyo hivyo, lazima ufuate maji. Binti, mwezi gani?

BintiKisauni: Samahani, Agosti shule zikifungwa. Wakubwa watatu, watoto wanne, mdogo ana miaka 3. Na mume wangu hutapika hata kwenye feri ya Likoni.

Kaskazi254: Likoni?? 😂😂

mzee_wa_tanga: Agosti ni kusi, upepo unatoka kusini! Kwenda upepo uko mgongoni raha tupu, kurudi Lamu ni kupiga mbisho, zigizaga kuukabili upepo, au injini njia nzima, sasa tanga umelilipia la nini. Pandeni boti, laleni nchi kavu. Laifu jaketi ya mtoto toka nayo Mombasa, za wakubwa zitamvuka.

MsomiWaSiyu: Mkifika Siyu mtembee mpaka magofu ya Shanga, jina limetoka Shanghai, mabaharia wa China walivunjikiwa na meli pale.

NyumbaYaMatumbawe: Hadithi hiyo tena. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980, wamekuta msikiti wa karne ya 8. Zheng He, yule amiri wa meli za China, kaja huku karne ya 15. Jina lilitangulia kwa posta?

BintiKisauni: Jamani arbuni ni kesho. Kizingitini gesti zipo?

MsomiWaSiyu: Haya jina tuliache, na kwamba Wachina walioa Siyu nalo unakataa?