Kijiko cha mbele cha MF 240 kinaishiwa nguvu oili ikipata moto: pampu au nini?

Zabibu_Hombolo
Wakuu habari. Trekta ni Massey Ferguson 240, ina kijiko cha mbele cha kupakia samadi. Pampu ya haidroliki ni ya gia, inaendeshwa na puli ya krenki mbele ya injini, na tenki lake la oili liko peke yake, lita 40. Asubuhi inanyanyua vizuri. Ikifika saa nne mikono inapanda kwa kujikongoja, pampu inalia, na ukifungua tenki unakuta povu jeupe. Oili iko kwenye alama. Fundi anasema pampu imekufa. Ninunue nyingine?

Fundi_Kizota
Usinunue bado mkuu. Pampu iliyochakaa tu haitoi povu. Povu ni hewa, na hewa inaingilia kwenye njia ya kunyonya, kati ya tenki na pampu. Njia hiyo huwa haivuji oili injini ikiwaka, inavuta hewa ndani, ndiyo maana wengi wanaipita.

Zima injini, paka grisi nzito kwenye kiungo kimoja, washa, sikiliza. Mlio ukipungua, hapo ndipo. Usipopungua, zima uende kiungo kinachofuata. Sili ya shafti ya pampu nayo huvuta hewa, usiisahau.

Kisha angalia mpira wa kunyonya. Unatakiwa uwe wa oili, wenye waya ndani. Wengi hufunga mpira wa kawaida wa maji: ukiwa baridi umesimama vizuri, oili ikipata moto unalainika na kunyonywa hadi kuta zinakaribia kugusana. Mtu apige resi, wewe tazama kwa mbali na feni.

Mdomo wa bomba la kurudishia oili uwe chini ya usawa wa oili. Ukimwaga kutoka juu, povu haliishi. Chujio la ndani ya tenki lioshe kwa dizeli. Kwa vumbi letu la kiangazi, tundu la kupumulia la tenki likikosa kifuniko chenye filta, chujio hilo linaziba upesi.

Zabibu_Hombolo
Mpira unabonyea kweli, na hauna waya. Nikiubadilisha nitajuaje kama pampu yenyewe bado nzima?

Geji_Kwanza
Kwa geji, ndugu yangu, si kwa kusikiliza. Shusha kijiko hadi chini, zima injini, chezesha leva zote ili presha itoke, ndipo ufungue kiungo chochote. Funga geji ya bar 250 au zaidi kwa kiungo cha njia tatu kati ya pampu na valvu. Oili ikishapata moto, kunja kijiko hadi mwisho na ushikilie leva, isizidi sekunde 5. Linganisha na kipimo cha mtengenezaji wa kijiko.

Presha ikifika kipimo injini ikiwa na resi kubwa lakini ikaanguka ikizunguka taratibu, pampu inavujia ndani. Ikigota chini ya kipimo kwa resi zote, anza na valvu ya kuzuia presha: mara nyingi ni uchafu kwenye kikalio (pale valvu inapofungia) au springi iliyolegea. Ukiikaza, robo mzunguko kwa mara moja, ukitazama geji. Presha ikiwa sawa lakini mikono inashuka yenyewe, pampu haihusiki; tafuta kwenye sili za silinda au valvu ya leva.

Ukitafuta pa kuvujia kwenye mpira wa presha, pitisha kipande cha boksi, kamwe usipitishe mkono. Oili ya presha inatoboa ngozi, na ikiingia mwilini ni hospitali saa hiyohiyo hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Fundi_Kizota
Ikibidi kununua, tazama kwanza mshale wa upande inaozungukia. Pampu ya gia ikizungushwa kinyume hupasua sili ya shafti mara tu inapowashwa. Ijaze oili safi kabla ya kufunga mpira, na dakika za mwanzo usipige resi.