Diski yagonga tik-tik kwenye habu ya USB, nisaidieni kabla ya Ijumaa

PichaLangoni: Asalaam aleikum. Nina kiduka cha picha Langoni, Lamu. Laptopu imebaki na tundu moja la USB, nikanunua habu, kile kifaa cha kugeuza tundu moja kuwa manne. Mausi na kisoma kadi vyaenda. Diski ya nje nikichomeka yagonga, taa yazima, yapotea. Mbovu ni diski au habu? Ina picha za harusi, wenyewe wazitaka Ijumaa.

BintiMkomani: Wa aleikum salaam. Picha za watu ziko mahali pamoja tu? Shangazi yangu alipoteza video zote za Maulidi hivyo hivyo, mpaka leo hamsemeshi mpigaji.

FundiWaya: Habu ina adapta yake, au yala stima ya laptopu?

PichaLangoni: Ni habu ya kawaida tu kaka.

FundiWaya: Sijauliza hilo. Ina adapta?

PichaLangoni: Ina kitundu chake, lakini haikuja na adapta. Nimepata ya ruta ya zamani, yaingia sawasawa. Ni ya volti 12. Stima ikizidi si ndiyo bora? Nataka kuichomeka leo usiku.

FundiWaya: USICHOMEKE! USB ni volti 5. Habu nyingi za bei rahisi hupeleka stima ya kitundu hicho moja kwa moja kwenye matundu yote, hizo 12 zitafika kwenye diski. Sasa sikia. Tundu la USB la toleo la 2.0 hutoa stima ya miliampea 500 (elfu moja ndiyo ampea moja), la toleo la 3.0 hutoa 900. Habu ya 2.0 isiyo na adapta hugawa hizo 500: 100 zake, na kila tundu 100. Mausi hutosheka. Diski ya kuzunguka huhitaji nyingi zaidi, hasa inapoanza kuzunguka. Ikikosa, mota husita, ndiyo hiyo tik-tik.

MzeeShela: Picha za harusi ni amana, mwanangu. Ungewaambia wenyewe mapema.

PundaKichochoro: Hata punda ukimpakia mawe ya nyumba nzima hulala chini.

Mdadisi: Ngojeni. Jina hilihili juzi lilikuwa Malindi likilia simu imeungua. Leo Lamu na harusi? Hii yatungwa, mwishowe ataomba mchango wa diski.

PichaLangoni: Malindi nilikwenda kwa shemeji, na simu ilikuwa yake. Sijaomba hata senti ya mtu.

BintiMkomani: Kiduka nakijua, Mdadisi. Wacha hizo.

FundiWaya: Hata iwe ya kutunga, atakayesoma asichomeke 12. PichaLangoni, ng'oa habu, diski iingie kwenye laptopu yenyewe, unakili picha kwanza.

PichaLangoni: Lakini adapta nishaipata bure kaka...

FundiWaya: Mrudishie ruta.

PichaLangoni: Haya. Nimeing'oa habu, diski yasoma, nanakili. Na adapta ya volti 5, ampea 2, itafaa?

FundiWaya: Itafaa, habu ikiwa imeandikwa 5V. Angalia pia mchoro wa chanya na hasi karibu na kitundu, ufanane na wa adapta. Ampea hizo 2 hugawanywa na matundu yote, kwa hivyo diski moja tu, usiongeze ya pili.