Mrejesho: wazuiaji wepesi na mfumo unaowafaa

Habari wakuu. Niliwauliza kuhusu timu ya sekondari ninayosaidia kufundisha huku Minnesota, futiboli ya Kimarekani. Wazuiaji wetu watano, wale wa mstari wa mbele wanaomfungulia njia mwenye mpira, ni wepesi, wana mbio, lakini tuliwapa mfumo wa kusukumana ana kwa ana wakawa wanalemewa. Mkanishauri kuzuia kwa eneo, yaani kila mmoja anazuia sehemu yake badala ya mtu aliyepangiwa. Imekubali, asanteni sana!

Sasa wote wanapiga hatua ya kwanza upande mmoja. Wawili wanambana mpinzani mmoja, kisha mmoja anamwachia mwenzake na kupanda kumfuata lainibeki, mlinzi wa mstari wa pili wa wapinzani. Kwenye kuachiana ndipo penye kazi. Sentaa wetu, mzuiaji wa katikati, alikuwa anaondoka mapema, mpinzani anapenya katikati. Sasa anasubiri mpaka nyonga ya mwenzake impite mpinzani. Mkimbiaji mwenye mpira anasoma uwazi, anakata kona mara moja tu.

Denver Broncos, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, wazuiaji wao wakinolewa na Alex Gibbs, walicheza hivi na watu wepesi; msimu wa 1998 mkimbiaji wao Terrell Davis alikimbia yadi 2,008.

Zikibaki yadi mbili kufunga bado tunakwama, uzito unatushinda. Mwenye mbinu ya hapo, naomba msaada.