Faili za logi za pg_upgrade zimebaki kwenye folda ya wote, nizifute?

Mwanzisha mada:
Wadau naombeni msaada. Nahamisha PostgreSQL (programu ya databesi) toleo la 10 kwenda 16, pg_upgrade --check (komandi ya kupima kama apgredi itawezekana) ikagoma kwa sababu ya laibrari, ikanitajia faili loadable_libraries.txt, mimi kwa haraka nikafuta data directory mpya (folda ya data ya seva) ili nirudie initdb (komandi ya kuiunda), sasa hilo faili silioni tena. Kulitafuta ndo nikakuta kwenye folda ya wote mabaki ya apgredi ya zamani, ya 9.6 kwenda 10.1. Logi zake ni -rw------- (mwenyewe tu anasoma) ila pg_upgrade_dump_globals.sql ni -rw-r--r-- (yeyote anasoma). Nifute tu? Na check ikigoma tena naweza kubandika logi hapa?

Jibu 1:
Usifute kwanza, lifungue hilo pg_upgrade_dump_globals.sql uone. Utakuta mistari ya ALTER ROLE na mbele yake PASSWORD 'md5 halafu herufi na tarakimu 32. Hizo ni heshi (paswedi zilizogeuzwa kwa hesabu ya md5) za watumiaji wote, superuser mwenye mamlaka yote naye yumo, na kwa md5 mtu hahitaji hata kuivunja, heshi yenyewe inatosha kuingilia kwenye seva. Hilo ni tundu linalojulikana, namba yake ya usalama ni CVE-2018-1053, faili lilikuwa linaandikwa kwa umask (ruhusa za kawaida za faili mpya) ya aliyeendesha komandi, wakaliziba kwenye 10.2 na 9.6.7 mwaka 2018. Wewe ulitumia 10.1 kwahiyo limekupata. Badilisha paswedi zote leo, usisubiri apgredi iishe, na tumia \password ndani ya psql (programu ya kuandikia komandi za databesi) maana ukiandika ALTER ROLE kwa mkono paswedi inaweza kubaki wazi kwenye logi ya seva na kwenye historia ya psql. Ukimaliza ndo ufute, na ukumbuke bakapu za hiyo folda nazo zina kopi.

Jibu 2:
Naongezea kuhusu loadable_libraries.txt. Kuanzia toleo la 15 kila kitu kinaingia pg_upgrade_output.d, ndani ya data directory MPYA, kila jaribio na folda yake yenye tarehe na saa. Ndo maana ulipofuta data directory logi nazo zikaenda, wengi tunaumia hapo, unafuta ili uanze upya halafu huna tena cha kusoma. Ikigoma kopi hiyo folda kwanza, iweke sehemu yenye chmod 700 (mwenyewe tu anaingia). Ikifaulu inajifuta yenyewe, labda uwe umeweka --retain (yaani zibakizwe).

Mwanzisha mada:
Asanteni sana, nimelifungua ni kweli md5 zimejaa, role (watumiaji) 14. Nimeanza kubadilisha. Na la kubandika je?

Jibu 1:
loadable_libraries.txt bandika, ni majina ya laibrari na databesi pamoja na ujumbe wa kosa, ficha majina ya databesi kama yanataja wateja. Folda ya dump usiibandike kabisa, humo ndo lile faili la globals lenye heshi linakaa. Logi za pg_upgrade_dump zisome mstari kwa mstari kabla, restore ikigoma inamwaga SQL nzima iliyoshindikana, na nimewahi kukuta ndani ya fankshen mtu kaandika paswedi ya mfumo mwingine wazi wazi.

Jibu 2:
Na usiiendeshe ukiwa kwenye folda ya wote hata kwa 16, delete_old_cluster.sh (skripti ya kufuta data ya toleo la zamani) bado inaandikwa kwenye folda uliyomo. Tengeneza folda ya mtumiaji postgres peke yake, ingia humo, ndo uanze.

Mwanzisha mada:
Sawa, check nairudia usiku huu, nitaleta majibu.