Tandale kwa Mtogole: fremu zinafungwa moja moja, tuanzie wapi?

Fundi Cherehani: Wakuu, habari za jioni. Nina fremu (chumba cha biashara) ya ushonaji hapa kwa Mtogole, Dar, mwaka wa tisa huu. Kwenye safu yetu tuko fremu kumi na moja, zinazofunguliwa ni saba. Wateja wapo, ila giza likiingia mama wa watu anaogopa kuja kuchukua gauni, kitambaa anapeleka Sinza. Mwezi uliopita mteja wangu alikwapuliwa pochi hatua tatu kutoka mlangoni, gauni bado liko mkononi.

Sasa vijana haohao tunaowaogopa, kuna mmoja anachora mabango ya saluni hadi unasimama kuangalia. Wengine wanapiga singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini. Nawaza tuchange, kuta zipakwe rangi, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuwe na jioni ya mtaa: muziki, mama ntilie wauze, mafundi tutundike kazi nje. Majirani wananiambia nawaitia vibaka. Nishaurini.

Mzee wa Uswazi: Mdogo wangu, majirani wana hoja. Vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha, vilianza kama furaha ya mtaa, vikaishia kupigwa marufuku. Anza saa 10, saa 2 usiku spika zizimwe, pombe hapana. Na usiruke ngazi: mjumbe wa nyumba kumi, serikali ya mtaa, ndipo polisi.

Dada Mburahati: Shikamoo mzee, ila singeli usiiweke kapu moja na ukabaji. Mwaka 2017 lebo ya Uganda, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso hapa kwetu, na madogo wakaenda kupiga Ulaya. Fundi, huyo mchoraji mlipeni. Msimpe soda na maneno ya "tunakutangaza".

Kahawa Chungu: Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na vipande vya silingibodi na rangi za baiskeli. Picha ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, watu wakija kununua mahitaji yao. Sanaa ilifuata wateja. Yeye alifariki 1972 lakini wenzake wakaendelea. Kwako wateja wanakimbia giza, kwa hiyo taa kwanza, rangi baadaye. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa sita kila usiku haimalizi uniti mbili za umeme wa LUKU kwa mwezi.

Mama Wawili: Hela msikimbilie kukopa. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) haina riba, lakini ni deni. Kikundi kikope mashine ya kudarizi, siyo rangi ya ukuta.

Mpangaji Mzoefu: Mmesahau mwenye nyumba! Sisi tulipiga plasta, tukaweka vigae na kibaraza kwa hela yetu. Miezi minne baadaye kodi ikatoka 80,000 hadi 150,000, eti "eneo limechangamka". Watatu tukahama, akaingia mtu wa kubeti. Kabla hata brashi haijalowa, andikishaneni: kodi haipandi miaka miwili, na gharama ya kupaka ikatwe kwenye kodi. Mjumbe ashuhudie. Mkienda mmoja mmoja atawachezea, nendeni wote.

Fundi Cherehani: Mpangaji Mzoefu, umeniamsha usingizini. Leo tumeenda wanne kwa mama mwenye nyumba. Miaka miwili kakataa, kakubali mwaka na nusu, kwa maandishi. Gharama ya rangi hataki hata kuisikia. Mchoraji anataka 60,000, nusu mkononi, na anataka kuanza na mlango wangu.

Taa tumepata sita. Mwenye banda la chipsi anagoma, anasema moto wa jiko lake unatosha kumulika mtaa mzima.

Dada Mburahati: 😂 Mwambie mchoraji amchore huyo wa chipsi na jiko lake. Taa ataleta mwenyewe ili picha ionekane.